Unajuana na Nani? Niliyojifunza Katika Kazi ya Wazee Nyeri

Huku kwetu neno "kujuana" lina harufu. Mtu akipata kazi ya kaunti ambayo hakuna aliyeona tangazo lake, watu husema "ni kujuana tu" na mazungumzo yanaishia hapo. Kwa hiyo nilipokuwa namaliza diploma ya ustawi wa jamii mwishoni mwa 2017, na mwalimu wetu akashikilia kwamba tusipofahamiana na watu wa taaluma hatutafika mbali, nilimwona kama anayetufundisha kutoa chai kwa adabu. Niliandika aliyoyasema daftarini, nikajiambia cheti changu kitajisemea chenyewe.

Hakikusema. Nilitaka kufanya kazi na wazee, na taaluma yake inaitwa jerontolojia, elimu ya uzee: mwili unavyochoka, akili inavyopungua au kukomaa, pesa, familia, sheria, yote kwa pamoja. Sensa ya 2019 ilihesabu Wakenya zaidi ya milioni 2.7 wenye miaka 60 na kuendelea. Hata hivyo, zunguka Nyeri, Karatina, Othaya na Mukurweini ukitafuta mlango ulioandikwa kwamba humu mna mtaalamu wa wazee, utarudi nyumbani soli zimeisha. Kazi ipo ila imetawanyika: kidogo hospitalini, kidogo kwa chifu, kidogo kanisani, kidogo kwenye foleni ya benki. Asiyejua watu hawezi kuiokota. Haya ndiyo niliyojifunza tangu wakati huo, mengine kwa kuumia.

1. Jieleze kwa maneno ambayo kondakta anaweza kuyarudia

Nyeri ndiko Baden-Powell, mzee wa maskauti, alikokuja kuzeekea mwaka 1938. Alijengewa nyumba ndogo katika uwanja wa hoteli ya Outspan, akafa Januari 1941, na kaburi lake liko hapa hapa mjini. Watalii bado huja kulitazama. Nilidhani mji wenye mzee maarufu kiasi hicho ungeelewa haraka nikisema nimesomea mambo ya uzee. Wapi! Nilipojitambulisha kama "mtaalamu chipukizi wa jerontolojia", mzee mmoja wa Kamakwa alinishika mkono na kuniuliza kwa upole kama tayari nimepata dhahabu. Alisikia jiolojia. Mjomba wangu alielewa vizuri zaidi, na ikawa mbaya zaidi: "Miaka mitatu chuoni kusomea kuosha wazee?"

Siku moja, kwenye matatu ya Karatina, kondakta aliuliza ninafanya kazi gani, na kwa kuwa nilikuwa nimechoka kueleza nilijibu tu: "Ninasaidia familia zenye mzee nyumbani. Dawa, bafu, makaratasi ya serikali." Hatujafika Marua mama wa kiti cha nyuma alikuwa ameshaniomba namba. Wiki mbili baadaye simu ikalia, sauti nisiyoijua: "Wewe ndiwe yule wa dawa, bafu na makaratasi?"

Tangu hapo sentensi hiyo sijaibadilisha. Atakayekutambulisha kwa mtu mwingine hatakumbuka jina la diploma yako. Atabeba kile kinachotosha mdomoni mwake.

2. Mwenye njia ni mhudumu wa kijijini

Nilianzia juu, kama wengi. Nilipanda ngazi za ofisi nikiwa na faili la plastiki, nikaambiwa niache barua, nikaziacha. Sijui ziliishia wapi.

Kisha, Desemba 2018, serikali ikazindua majaribio ya afya kwa wote katika kaunti nne: Kisumu, Machakos, Isiolo na Nyeri. Nyeri iliteuliwa kwa sababu ya mzigo wa magonjwa yasiyoambukiza, sukari na presha yakiwa mbele, ambayo ndiyo magonjwa ya guka na cucu zetu, yaani babu na bibi. Wahudumu wa kujitolea walikuwa wakipita nyumba hadi nyumba, na mmoja wao, mama wa makamo wa upande wa Tetu, akakubali nifuatane naye ilimradi nivae gambuti na nisiongee sana.

Tulishuka na kupanda mabonde ya karibu na Ihithe, kijiji alikozaliwa Wangari Maathai. Kwenye lango la kwanza nilielekea mlango wa mbele. Akanivuta mkono. "Huku ni kwa wageni," akasema. "Tukiingilia mbele cucu atavaa leso safi na kutuambia yuko sawa. Twende jikoni."

Jikoni nikaona nilichokosa miaka mitatu darasani. Kabla ya kuuliza swali lolote yule mama alinusa chumba. Akatazama umbali wa kitanda hadi choo cha nje, akainua kifuniko cha sufuria kuona jana walikula nini, akahesabu vidonge vilivyobaki kwenye pakiti huku akisifu kuku wa cucu. Nyumba ya nne ilikuwa na kufuli nje na mzee ndani. Wenyewe walikuwa shambani wakichuma majani chai. Nilitaka tumwendee chifu papo hapo. Yeye alimsubiri binti wa yule mzee, akamtenga pembeni chini ya mti wa parachichi, wakaongea kwa muda mrefu bila mimi. Wiki iliyofuata kufuli haikuwepo, na jirani alikuwa ameanza kuketi na mzee asubuhi.

Nilitembea naye miezi mitatu bila kumwomba kitu. Siku moja alinitaja kwa nesi wa zahanati. Nesi akanitaja kwa mtawa aliyesimamia mradi mdogo wa kanisa wa kuwatembelea wagonjwa. Hiyo ndiyo ikawa kazi yangu ya kwanza ya kulipwa, nyumba arobaini kwa miezi sita.

Siku hizi wahudumu hao wa kijijini wanaitwa wahamasishaji wa afya ya jamii. Septemba 2023 serikali iliwapa mikoba yenye mashine za kupima presha na sukari, pamoja na malipo kidogo ya mwezi. Kila mmoja kwa kawaida hutunza kaya kama 100. Mwanafunzi anayetafuta namba ya mkurugenzi angefanya hesabu hiyo kwanza: mtu mmoja, milango mia, na anajua ni upi wa kuingilia.

3. Usitoe wasifu mahali ambapo watu wanakula

Nilienda kongamano moja Nairobi nikiwa na nakala kumi na mbili za wasifu wangu katika bahasha ya kaki. Wakati wa chakula cha mchana nilimfuata daktari bingwa mmoja, ambaye hotuba yake kuhusu wazee kuanguka ilikuwa imenigusa kweli, nikajitambulisha kwa pumzi moja na kumkabidhi nakala. Aliipokea kwa tabasamu. Jioni nilirudi ukumbini kuchukua shali niliyoisahau, nikaukuta wasifu wangu chini ya sahani yenye mifupa ya kuku.

Nilimlaumu hadi matatu ikapita Sagana. Baada ya hapo nikaanza kujilaumu mwenyewe. Nilikuwa nimemwomba kazi mtu ambaye hata sikumuuliza swali moja kuhusu yale aliyotoka kuyaeleza.

Miezi kadhaa baadaye nilikutana na guka mmoja wa Giakanja aliyekuwa akihudhuria kliniki tatu tofauti. Kliniki ya presha haikujua kuhusu ile ya sukari, na hakuna iliyojua kwamba alikuwa akinunua dawa ya maumivu ya magoti kila wiki kwa kemisti. Pakiti tisa mezani. Presha yake ilikuwa haishuki, na kila kliniki ilikuwa ikimwongezea dozi. Niliandika orodha yote, dawa na saa alizozimeza, bila jina la mzee, nikaituma kwa barua pepe ya yule daktari na swali moja: nianzie wapi?

Alijibu baada ya siku mbili. Alisema niitazame ile dawa ya magoti, diklofenaki, kwa kuwa dawa za kundi lake zinaweza kupandisha presha na kuumiza figo, hasa za mzee. Akasema pia pakiti zote zitiwe kwenye mfuko mmoja, na mfuko huo uende na mzee kila kliniki anakoenda. Mwisho wa barua aliuliza, "Huko Nyeri unaona nini kingine?"

Tumeandikiana tangu siku hiyo. Kuhusu ule wasifu sijamwambia, na sidhani anakumbuka.

4. Foleni ya benki

Tangu 2018 mpango wa Inua Jamii umekuwa ukiwalipa wenye miaka 70 na zaidi shilingi 2,000 kwa mwezi, kwa miaka mingi kupitia benki, na mara nyingi malipo ya miezi miwili yakija pamoja. Siku pesa zikiingia, kuanzia alfajiri, utawaona wamejipanga kwenye baridi ya Nyeri, kofia na mablanketi, wajukuu wakiwashika viwiko. Nilikuwa nikienda na chupa ya chai. Hapo ndipo nilipomjua naibu wa chifu, mlinzi wa benki anayejua nani ameshasahau namba yake ya siri mara tatu, na afisa wa maendeleo ya jamii ambaye ofisini kwake nilikuwa nimeacha barua nne. Kwenye foleni alikuwa na muda.

5. Uketi wapi siku ya sherehe

Tarehe 1 Oktoba ni Siku ya Kimataifa ya Wazee, na sherehe zetu huwa na mahema mawili. Moja lina viti vilivyovishwa vitambaa vyeupe na maji ya chupa mezani. La pili lina viti vya plastiki na wazee. Miaka miwili mfululizo nilijibanza pembeni mwa lile la kwanza nikitarajia kusalimiana na mtu mwenye cheo, na nilichovuna ni picha mbili ambazo ndani yake naonekana bega.

Mwaka wa tatu mvua ilinifukuzia kwenye hema la pili. Kando yangu aliketi mwalimu mkuu mstaafu wa shule ya msingi, fimbo katikati ya magoti. Alikuwa akiwaangalia wakubwa wa hema lile jingine kama mtu anayekagua darasa. "Yule wa tai nyekundu nilimfundisha hesabu za sehemu," akaniambia. "Hakuzielewa." Sherehe ilipoisha alimwita kwa jina la utani la shuleni, na yule bwana, ambaye mimi nilikuwa nikimfukuzia tangu 2018, akaja mbio na kuinama. Nilitambulishwa hivi: "Huyu binti anawasaidia wazee. Msikilize." Alinisikiliza.

Tunawazungumzia wazee kama watu wa kuhudumiwa tu, nami nilikuwa hivyo hivyo. Nikasahau kwamba aliyeishi miaka themanini mahali pamoja amefundisha, ameajiri, amesimamia harusi na kupatanisha mashamba ya nusu ya watu ninaowatafuta.

Guka mmoja wa Othaya alinipa somo kubwa zaidi kuliko hilo. Alikuwa mpiganaji wa Mau Mau, na Mau Mau ilibaki imepigwa marufuku kisheria hadi 2003, miaka arobaini baada ya uhuru. Muda wote huo wenzake walitunziana majina. Kesi ya maveterani dhidi ya serikali ya Uingereza ilipomalizika kwa makubaliano Juni 2013, fidia ya pauni milioni 19.9 kwa wadai 5,228, wazee wa aina yake walikuwa na la kuonyesha wanapoulizwa nani alikuwa wapi. Alinifungulia daftari la shule lenye madoa ya maji. Lilikuwa na safu nne za kalamu ya wino: jina, kijiji, kambi alikozuiliwa, na ya mwisho ameiandika "anayemjua". Kila jina lilikuwa na shahidi wake.

Nilirudi nyumbani nikapanga upya daftari langu la namba. Nami nikaongeza safu ya "anayemjua": ni nani aliyenifikisha kwa mtu huyu. Nikimpigia mtu sasa naanza kwa kumtaja aliyetukutanisha, na mambo yakienda vizuri nampigia yule wa kwanza kumwambia. Kwa maoni yangu hakuna kozi yoyote ya mahusiano ya kikazi inayolipita lile daftari.

6. Simu ya mjomba

Hili nimekuwa nikilizunguka tangu mwanzo.

Mwaka 2019, mradi wa kanisa ulipokwisha nami nikiwa nimerudi kula kwa mama, mjomba yule yule wa "kuosha wazee" alinipigia. Alikuwa na rafiki mahali fulani. "Kesho uende umwone, sema umetumwa na mimi." Nilienda. Baada ya siku tatu nilikuwa na mkataba wa miezi mitatu katika ofisi ambayo sitaitaja.

Kulikuwa na dada mmoja hapo. Alikuwa amejitolea mwaka mzima bila malipo, akijua kwamba nafasi ikitokea itakuwa yake. Siku yangu ya kwanza alinionyesha makabati, akanieleza faili za wazee mmoja mmoja kwa subira, kisha saa kumi akachukua kikombe chake kutoka rafuni, akakifunga kwenye gazeti na kuondoka. Hakunitukana. Afadhali angenitukana.

Mkataba ukaisha, nikaenda zangu. Baada ya mwaka hivi nilikuwa na cucu aliyevunjika nyonga huko Mukurweini, ametoka hospitalini na anahitaji fremu ya kutembelea. Anayeratibu vifaa hivyo katika eneo lile alikuwa nani? Yule dada. Nilipompigia alijibu kwa Kiswahili safi cha ofisi: "Tuma ombi rasmi." Nilituma. Nikatuma tena. Cucu alingoja wiki sita kitandani, misuli ya mapaja ikiisha, na katika wiki hizo sita kuna kadhaa ambazo ni deni langu.

Nilimtafuta hadi nikampata Jumamosi moja katika soko la Karatina, akichagua kabichi. Nikamwamkia, nikamwambia nimekuja kuomba msamaha kwa ile nafasi. Aliendelea kubonyeza kabichi.

"Ulijua kwamba ilikuwa yangu?"

"Siku ya kwanza sikujua. Ya pili nilijua."

"Na ukabaki."

"Nikabaki."

Alilipia kabichi mbili, akanipa moja nimbebee hadi stejini. Ombi langu lililofuata kwake lilichukua siku tatu.

Bado naomba watu wanipigie simu mahali. Ningesema siombi ningekuwa mwongo, na nisingeomba, katika kazi hii mzee angeumia. Ila kabla ya kuomba sasa hujiuliza kama ninaweza kuisimulia simu hiyo mbele ya mtu atakayekosa kwa sababu yake. Ya mjomba nisingeweza kuisimulia. Ya mwalimu mkuu nimeisimulia mara nyingi, hata hapa.

7. Kikundi kidogo chenye sheria kali

Niko kwenye vikundi vya WhatsApp zaidi ya ishirini, na kinachofanya kazi kina watu saba: nesi, mtaalamu wa fiziotherapia, mfamasia, wakili kijana, wahamasishaji wawili na dereva wa bodaboda anayejua kumbeba mzee. Sheria zetu: hakuna michango ya mazishi, hakuna siasa, hakuna picha za maua zenye salamu za asubuhi. Na hakuna jina wala picha ya mzee yeyote. Sheria ya ulinzi wa data ya 2019 inatubana, lakini hata isingekuwepo, Nyeri ni ndogo. Ukiandika "guka wa lori la bluu, Gatitu" umeshamtangaza.

Kikundi kilithibitisha thamani yake siku mhamasishaji alipoandika kwamba mzee mmoja, ambaye kwa miezi alikuwa akipotea njia ya kwenda kanisani na kuwaita wanawe kwa majina ya kaka zake, ameonekana mjini na watu wawili wakimzungusha na karatasi za shamba. Majirani walikuwa wamegawanyika kati ya "amerogwa" na "ni uzee tu". Nesi akasema hilo linafanana na ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu na uzee wenyewe si maelezo. Akatafuta nafasi ya mzee kuonwa na daktari na hali yake kuandikwa. Wakili akaeleza kwamba asiyeelewa anachotia sahihi hawezi kusemwa amekubali kuuza, na kwamba shamba la kilimo haliuzwi bila idhini ya bodi ya ardhi. Akamsaidia mke wa mzee kuweka zuio katika ofisi ya ardhi. Bodaboda ndiye aliyempeleka mama huyo, kabla wale wawili hawajarudi.

Mimi nilifanya nini? Nilijibu "sawa" mara tatu, na kumsindikiza mama ofisini. Lakini ndimi niliyewakutanisha hao saba, mmoja mmoja, kwa miaka minne. Kifungu cha 57 cha Katiba kinawaahidi wazee kuishi kwa heshima na bila kudhulumiwa. Alasiri ile ahadi hiyo ilisafiri kwa pikipiki.

Familia ya mzee yule niliipa pia jina la Alzheimer's and Dementia Organization Kenya, shirika lililoanzishwa na Elizabeth Mutunga, mwanasaikolojia ambaye naye alipitia ugonjwa huo kwa baba yake mwenyewe. Wanaouguza hukutana na kuzungumza huko, na mara nyingi mke au binti ndiye anayezama kwanza.

8. Shangazi wa Lowell

Wataalamu wengi wa wazee waliozaliwa chini ya Mlima Kenya hawaishi chini ya Mlima Kenya. Wako Marekani, Uingereza na sasa Ujerumani. Lowell, mji wa Massachusetts, una Wakenya wengi, na shangazi yangu ni mmoja wao. Usiku huwageuza vitandani wazee wa Kimarekani. Mchana hutuma pesa za kumlipa msichana anayemgeuza mama yake huko Karatina. Ukilifikiria hilo sana unaweza kulia, kwa hiyo yeye halifikirii sana.

Kwa miaka mingi nilimwona kama mtu wa kutuma viatu. Kisha nikamuuliza jinsi anavyomwinua mtu wa kilo tisini bila kuvunja mgongo. Ikawa kila Jumapili, saa mbili usiku kwetu, saa saba mchana kwao majira ya joto yakiwa huko, ananifundisha kwenye simu: mkanda wa kiunoni, miguu yako iache nafasi, hesabu pamoja naye hadi tatu. Kumgeuza asiyejiweza kila baada ya saa mbili ili asiote vidonda. Mambo haya vitabuni yapo, lakini kitabu hakikwambii "hapo umeinama vibaya". Na mimi nikawa macho yake kwa mama yake, jambo ambalo pesa zake hazikuweza kununua.

Vijana wengi sasa wanasomea uangalizi wa wazee na Kijerumani kwa pamoja wakilenga kuondoka. Kenya na Uingereza zilitia sahihi makubaliano ya wahudumu wa afya 2021, na Ujerumani ikafuata Septemba 2024 na makubaliano ya ajira kwa jumla. Sina neno baya kwa anayeondoka. Neno nililo nalo ni kwamba katika njia hiyo kuna watu wanaojiita "mawakala" na kuitisha pesa mkononi. Kabla hujatoa shilingi, tazama kama wakala yumo katika orodha ya waliosajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, kisha mtafute mtu wa kijiji chako aliyeko huko tayari na umuulize analala saa ngapi.

9. Namba yangu inapoombwa

Jumuiya za dunia zipo, na mwanafunzi azijue. Jumuiya ya kimataifa ya jerontolojia na tiba ya wazee ilianzishwa Liège, Ubelgiji, mwaka 1950, na ina baraza la wanafunzi. Shirika la wazee la HelpAge limefanya kazi Kenya kwa muda mrefu. Umoja wa Mataifa umeuita muongo wa 2021 hadi 2030 kuwa wa kuzeeka kwa afya. Mikutano mingi ya mtandaoni haina kiingilio. Nimeihudhuria mingi, nikajifunza, na mara mbili nikalala.

Lakini anayeniuliza pa kuanzia simtumi huko. Mwezi uliopita mwanafunzi wa uuguzi alinipigia. Alikuwa amepewa namba yangu na mhadhiri wake, na alisema hivyo sentensi ya kwanza, nikampenda hapo hapo. Akaomba nimuunganishe na mkubwa wa idara fulani kwa ajili ya mradi wake wa mwaka wa mwisho. Nikampa namba ya yule mama wa Tetu. Kimya. Nikasikia karibu aniulize kama nimekosea.

"Ana cheo gani, madam?"

"Muulize ukimfikia. Na uvae gambuti."

Zilipita siku tisa. Siku ya kumi, saa moja jioni, simu ikalia, upepo mwingi, mbwa anabweka, na yeye anazungumza kwa kunong'ona kama mtu aliyetoka nje ya jikoni kwa muda.

"Madam, huyu cucu ana sukari, na anasema nyayo zinawaka moto usiku hadi anazitia kwenye maji baridi. Kuna kidonda kidogo chini ya kidole, hakuwa ameona. Nimpigie nani?"

Nikamtumia namba mbili, na jina la kutaja.